Kitalu cha Machi

Urambo, Tabora
Septemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi huku ni mzima, ila magoti tu ndiyo yananisumbua ikifika jioni. Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Usicheke. Hivyo ndivyo barua inavyoanza, na mimi namna nyingine sikufundishwa.

Asali iliyomo kwenye ndoo ni ya msimu huu, ya miombo, sikuichanganya na kitu. Barua nimeifunga ndani ya mfuko wa chumvi nikaibana chini ya mfuniko, maana kondakta wa hayo mabasi ya Kigoma barua anaisahau mfukoni mwa shati, lakini ndoo ya asali haisahau.

Jumapili ulinipigia ukalia. Ulisema mumeo huko Beni, Kongo, aliko na jeshi letu la kulinda amani, alikaa siku nne bila kuandika, na alipoandika akaandika maneno matatu, "Nipo. Nimekula maharage." Ukaniuliza, "Mama, mwanamume anayekupenda anakuandikia habari za maharage?" Mimi nikakwambia salio linakwisha, nikakata. Salio lilikuwepo. Nilikata kwa sababu jibu langu lilikuwa refu, na ya simu siyawezi. Mimi jambo zito nalisema kwa kalamu, na utaona sababu.

Najua unachokiogopa. Hata mimi ile Desemba ya 2017, walipouawa vijana wetu 14 kule Semuliki, hukohuko Kongo, kwa usiku mmoja, nililala na redio kifuani wiki nzima, na wakati huo mkwe wangu hata hakuwa huko. Kwa hiyo sikwambii usiogope. Nataka kukueleza habari za lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda changu.

Mnalijua wote. Mlipokuwa wadogo mlilifungua siku nilipokwenda mnadani, mkazisoma barua za baba yenu kutoka vitani, na niliporudi nikawakuta mnacheka. Kaka yako mkubwa akasema, "Mama, hizi si barua za mapenzi, hizi ni barua za bwana shamba." Nikawachapa wote, na wewe nikakuchapa ingawa ulikuwa hujui hata kusoma. Samahani kwa hilo. Alichokisema kaka yako kilikuwa kweli, na ndiyo maana kiliniuma.

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 21, nimeolewa mwaka mmoja tu. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Iddi Amin yaliingia mkoa wa Ziwa Magharibi, huu wanaouita Kagera siku hizi, yakaishika ardhi yote iliyo ng'ambo ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akazungumza. Kijijini kwetu redio zilikuwa tatu, na ile ya karibu ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi. Tulijaa uani kwake mpaka wengine wakakaa juu ya kinu. Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Wanaume wakapiga kelele. Mimi nilimtazama baba yako, nikaona hapigi kelele, anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Nikajua.

Alikuwa mgambo aliyefunzwa. Walipoitwa, waliondoka kwa treni. Urambo mpaka Tabora, Tabora mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza meli mpaka Bukoba. Pale stesheni wanawake walipiga vigelegele, wazee wakatemea mate mikono ya watoto wao. Baba yako aliagana na baba yake, akaagana na mama yake, akaja kwangu mwisho. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Watu wametuzunguka, mama mkwe yuko begani kwangu. Akaniambia, "Miche ikifika kimo cha mkono, msichelewe kuhamishia shambani." Treni ikapiga honi.

Hayo ndiyo maneno yake ya kuniaga. Usifikiri sikuumia.

Barua ya kwanza ilikuja mapema Desemba, kwa sanduku la posta la shule. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Jina langu niliweza kuliandika, na herufi nilizikumbuka kama unavyokumbuka sura za watu wa kijiji ulichohama. Kwa hiyo barua zilisomwa na baba yako mdogo, huyu mwalimu mstaafu unayemjua, wakati huo yuko darasa la tano. Alisoma akiwa amesimama wima katikati ya ua, kama yuko mbele ya mkaguzi, na kila alama aliitaja. "Mke wangu mpendwa koma. Natumaini u mzima koma kama mimi nilivyo nukta." Mama mkwe anapepeta mpunga, majirani wamesimama mlangoni, kuku wanapita. Akifika palipoandikwa jina langu, wanawake wanaguna.

Sasa wewe niambie, mwanamume anayejua kwamba maneno yake yatasomwa hivyo ataandika nini? Aliandika salamu kwa baba, kwa mama, kwa shangazi wawili, kwa balozi, kwa fundi baiskeli. Ukurasa mzima wa salamu. Mwishoni mstari mmoja, "Na wewe tunza kitalu."

Mimi wivu uliniingia. Sikumwonea wivu mwanamke. Nilimwonea mtoto wa darasa la tano ambaye barua ya mume wangu alikuwa anaijua kabla yangu. Wiki iyo hiyo nikaenda kisomo, darasa la watu wazima.

Kisomo nyinyi mmekisikia kwenye historia tu. Wakati wa Uhuru hali ilikuwa mbaya, na hata mwaka 1967 ilionekana kwamba watu wazima wawili katika kila watatu hawajui kusoma wala kuandika. Serikali ikaufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, ikaja kampeni nchi nzima, na kufika 1977 waliobaki walikuwa kama robo. Mimi nilikuwa ndani ya hiyo robo. Darasa letu lilikuwa ghala la tumbaku, saa tisa alasiri, watu wametoka shamba na majembe yao wameyaegemeza ukutani. Na vitabu viliandikwa kufuata kazi ya watu. Wenye pamba walisoma pamba, wenye ndizi ndizi, wavuvi uvuvi. Sisi tulisoma tumbaku. Sentensi zetu zote zilikuwa shamba. Mwalimu ananyoosha fimbo ubaoni, sisi tunaitikia, tusie mbegu, tumwagilie kitalu, tufunike kwa nyasi, tung'oe miche iliyo dhaifu.

Kwa hiyo nilijua kuandika "kitalu" kabla sijajua kuandika "nakupenda". Neno la mapenzi halikuwemo mle kitabuni. Ningeweza kulitafuta, herufi ni zilezile, lakini daftari lilipitiwa na mwalimu wa kisomo, naye alikuwa binamu yake baba yako.

Yanayofuata hujawahi kuyasikia, wewe wala kaka zako.

Katikati ya Januari 1979, usiku wa mvua kubwa, nikashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Zahanati ilikuwa mbali na mto umejaa. Alinizalisha mkunga wetu wa kijijini, bibi mmoja mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume, mwenye huruma. Alikuwa mtoto wa kiume. Nywele nyingi. Hakulia. Yule mkunga alimgeuza, akampiga nyayo, akampuliza puani, akamgeuza tena, halafu nikaona ameacha kuharakisha. Ndipo nilipojua. Nilijua kwa mikono yake kupungua kasi.

Kulipopambazuka wanawake wakamzika nyuma ya nyumba, pembeni ya kitalu cha zamani, kwa sababu pale udongo ulikwisha kulimwa ukawa laini. Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia jembe.

Mama mkwe akaniambia neno moja, na sikumlaumu kwa hilo hata leo. "Huyu mtu yuko vitani. Aliye vitani hapelekewi msiba." Akakataza. Barua zote zilizotoka nyumbani mwezi ule ziliandikwa na baba yako mdogo kwa maneno ya mama mkwe, kwamba sote wazima, mvua ni nzuri, Mungu anasaidia.

Nilikaa na jambo lile mwezi mzima. Kisomo sikuacha. Nafikiri wengine waliniona sina haya, mwanamke ametoka kuzika anakwenda kuimba silabi. Katikati ya Februari nikanunua karatasi na bahasha kwenye duka la kijiji, nikaandika mwenyewe, usiku, kwa koroboi, barua yangu ya kwanza maishani. Ninayo hapa. Nakunakilia kama ilivyo, isipokuwa makosa ya herufi nimeyarekebisha, maana hata mimi nina heshima yangu.

"Mume wangu. Mimi ni mzima. Haya ni maandishi yangu mimi mwenyewe. Tumbaku iko shambani, imefika magotini. Lakini kitalu cha nyuma kimekufa. Mche ulikuwa mmoja. Uling'oka kabla ya siku zake. Sikuuacha kwa uvivu. Ni mimi mkeo."

Niliona nimefanya ujanja mkubwa. Mama mkwe alikataza msiba, hakukataza kilimo. Na hata mtu mwingine akiifungua njiani, atasoma habari za tumbaku.

Jibu lake limeandikwa tarehe 19 Machi, likanifikia mwezi wa nne umeanza. Safari hii nilisoma mimi. Mama mkwe alitaka isomwe kwa sauti, nami nikasimama pale uani, sikutaja koma wala nukta. Baada ya salamu aliandika hivi:

"Habari ya kitalu nimeipata. Usijilaumu, mche ukitaka kufa hufa hata mikononi mwa mkulima bora. Mwaka huu usichimbe tena pale, acha udongo upumzike. Mwagilia asubuhi na jioni, maji kidogo, usimwage kwa nguvu. Jua likizidi, funika kwa nyasi. Wewe usishike jembe zito. Nikija, maji nitachota mimi."

Kimya kikapita. Mama mkwe akatikisa kichwa akasema, "Maskini mwanangu. Nani ana kitalu mwezi wa tatu? Vita vimempoteza miezi."

Wote wakaamini hivyo, na mimi nikaamini. Wewe umekulia kwenye tumbaku, unaelewa. Kitalu ni Agosti, Septemba, mpaka Oktoba, wakati wa jua. Mvua zikishika, Novemba na Desemba, miche inahamia shambani na kitalu kinasahaulika. Machi ni kuvuna na kukausha, na maji yanatembea yenyewe kwenye matuta. Nikasema moyoni, huyu mtu nimemwambia mtoto wake amekufa, yeye ananifundisha kumwagilia. Nilimchukia. Kuchukia kweli, mwanangu, si kule kununa. Barua mbili zilizofuata nilimpa baba yako mdogo azisome, koma, nukta.

Usiku ilipotangazwa kwamba Kampala imeanguka, Aprili 1979, mimi nilikuwa kwenye zamu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Sijui kama unakumbuka kazi ya bani vizuri, maana ulipopata akili baba yako alikwisha punguza tumbaku. Majani yametundikwa juu kwenye fito, tanuru liko nje, mabomba ya bati yanapeleka joto ndani, na moto ule usiku na mchana haulali kama wiki nzima. Ukizidisha joto mapema, jani linakauka na ubichi wake, haliuziki. Ukipunguza, linageuka madoa kama ngozi ya mzee. Kuna usiku mmoja katikati ambapo jani linaiva njano, na usiku huo humwachii mtu mwingine moto. Ndio huo. Nikasikia kelele kutoka kwa balozi, ngoma, madebe, watu wanakimbia barabarani wanaimba. Mama mkwe akapita akilia kwa furaha, akaniita. Nikamjibu siwezi kuacha moto.

Nikabaki peke yangu. Nikafungua kidirisha cha bani nikaangalia jani kwa tochi, lilikuwa rangi ya limau, laini, linaning'inia kama sikio la ng'ombe. Nikaongeza gogo moja. Nikafikiri, nchi nzima inacheza, na mume wangu kama yu hai ni katika waliofika. Na bado nina hasira naye.

Kampala ilianguka, lakini vita havikuisha. Walisonga hadi mpaka wa Sudani, mwezi wa sita, na hata hapo wengi hawakurudi, walibaki kulinda. Barua zikawa chache. Sabuni ikaanza kuadimika, sukari ikafuata, na Mwalimu akatuambia tufunge mkanda miezi 18. Hiyo miezi 18 mwisho wake sikuuona, lakini hayo ni mengine.

Ikaja Septemba, wakati wa vitalu. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi la ugoro, huwezi kuisia kwa mkono, unaichanganya na maji unaimwagia. Wenye uwezo walikuwa na keni ya kumwagilia. Sisi tulikuwa na kopo la mafuta lililotobolewa kwa msumari, maji yanatoka kwa kishindo upande mmoja, yanachimbua mbegu. Asubuhi moja nimeinama pale, nimeshika kopo kwa mikono miwili nalipunguza maji kwa kidole, nikajikuta najisemea, maji kidogo, usimwage kwa nguvu.

Nikasimama. Kopo likaendelea kuvuja miguuni mwangu.

Mtu yule alizaliwa ndani ya tumbaku. Alikuwa anachota maji ya kitalu cha baba yake kabla hajavaa suruali. Miezi ya tumbaku hata angepigwa bomu la kichwa asingeisahau. Alijua kama ninavyojua mimi kwamba Machi hakuna kitalu Unyamwezi yote. Na barua yangu ya Februari nayo, nani ana mche kitaluni mwezi wa Februari? Alinielewa palepale. Na kwa kuwa aliona nimeficha, naye akajibu mlemle nilimoficha, ili nisimame uani mbele ya mama yake niisome kwa sauti na asijue mtu. Usijilaumu. Mwaka huu usichimbe tena. Usishike jembe zito. Nikija, maji nitachota mimi. Mwanamume wa kwetu kuchota maji! Neno lile peke yake lingenishtua, lakini nilikuwa nasoma kwa hasira, na mwenye hasira husoma herufi tu.

Nikakaa kwenye matope nikalia kilio ambacho Januari nilikatazwa. Halafu nikaenda ndani nikaandika barua yenye mstari mmoja: "Barua yako ya Machi nimeisoma leo."

Alirudi Desemba, mvua zimekwisha shika. Wenzake walioshuka naye stesheni walibeba redio, mmoja alikuwa na godoro, mwingine cherehani kichwani. Ya kwamba vilipatikana vipi hatukuuliza, na siku hizi naona tungeuliza. Baba yako alishuka na begi lake la jeshi na keni ya kumwagilia. Ya bati, yenye shingo ndefu na kichwa cha matundu madogo. Alisema aliinunua Masaka, Uganda. Stesheni nzima ilimcheka, mtu ametoka kumpiga Amin amerudi na keni. Baba yake mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

Usiku, watu walipotawanyika na wazee wamelala, aliniuliza neno moja.

"Wapi?"

Nikachukua koroboi nikamwonyesha. Mvua ilikuwa inanyunya, koroboi ikazimika, tukasimama gizani. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata akapanda pale mche wa mwembe. Kiangazi kilipofika, kila jioni, akitoka shamba, alikwenda mtoni na ile keni akauchotea maji mwenyewe. Watu wakasema vita vimemharibu, anafanya kazi ya wanawake. Mama yake akamsema. Aliendelea vilevile mpaka mwembe ukashika.

Ni mwembe ule ule ambao baba yenu aliwakataza kuupanda. Mlidhani ni kwa sababu ya siafu. Embe zake mmekula nyote, kupanda ndiko alikokataza. Sasa unajua.

Habari za vita hakunisimulia. Aliwahi kusema tu kwamba Waganda wana ndizi tamu na barabara nzuri, basi. Alikwisha kuwa mzee siku niliposikia redioni, wiki ya Mashujaa, wanaeleza mapigano ya Lukaya. Kwamba tarehe 10 Machi 1979 brigedi iliyokuwa na mgambo wengi ilishambuliwa kwenye barabara inayokatiza kinamasi, kati ya Masaka na Kampala, na jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya, wakatawanyika usiku ule kwenye matope na matete, na kesho yake wenzao wakazunguka wakawapiga adui. Nikamtazama. Alikuwa anamenya karanga. Nikamuuliza, "Ulikuwepo?" Akasema, "Maji yalifika hapa," akagusa kifua, akaendelea kumenya.

Usiku huo nilifungua sanduku. Barua zangu nne alizonirudishia zimo, na ile ya Februari wino wake umesambaa, karatasi imevimba kama mkate. Miaka yote nilijipa moyo kwamba ni machozi. Si machozi, mwanangu, baba yako hakuwa mtu wa namna hiyo. Ni maji ya kinamasi. Ilikuwa mfukoni mwake. Barua ya kumwambia mwanawe amekufa ilikuwa kifuani mwake usiku ule, na siku ya tisa akaketi mahali fulani akaniandikia nisishike jembe zito. Kuhusu Lukaya hakuandika hata herufi. Na mimi nilikuwa nimemkasirikia kwa kutojali!

Sasa huyo wako na maharage yake. Mimi sijui maharage yale yana nini ndani. Inawezekana ni maharage tu. Wanaume wengine ni wavivu wa kuandika, na kama mkwe wangu ni mmoja wao nitamwambia mwenyewe akija likizo, kwa heshima. Lakini kabla hujanuna, mjibu. Muulize maharage yalipikwa na nini, nazi au mawese. Muulize ni nani alipika, na walikula wangapi, na kama wote waliozoea kula pamoja walikuwepo. Halafu usome jibu lake polepole, usilisome kwa hasira. Na wewe nawe mwandikie habari za nyumbani, bei ya dagaa hapo mwaloni, mtoto aliyeng'oka jino, bomba linalovuja. Usimwandikie "nimekumiss" na vile vikatuni vya mioyo kumi, hivyo hata dereva wa bodaboda anatumiwa.

Nikifa sanduku ni lako. Kaka zako wasikwambie lolote, nimekwisha waandikia. Ile keni iko jikoni, kitako kimeoza, inavuja, ila kichwa bado kizima. Jana nimeitumia kwenye mchicha.

Wasalimie wajukuu zangu, waambie bibi anakuja kwa treni ikiwa magoti yatakubali. Msalimie jirani yako yule wa mawese, mwambie mafuta ya mara ya mwisho yalikuwa na maji.

Ndimi mama yako,
Urambo.

Ndoo usimpe mtu, ni ile ya mfuniko wa kubana. Ioshe uirudishe kwa kondakta huyo huyo Alhamisi.